UZI: Kifaa cha kuzima hita maji ya kondensa yanapokatika

#1 Fundi_Kondensa

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa mafundi sanifu wa maabara, walimu wa kemia, na yeyote anayewasha Soxhlet (mtambo wa kioo wa kutoa kemikali kwenye sampuli kwa kiyeyushi kinachochemka) asubuhi ikachemka mpaka jioni. Kondensa, bomba la kioo linalogeuza mvuke kuwa kimiminika tena, inapoozwa na maji ya bomba, na mgao wa maji tunaujua. Maji yakikatika, hita haina habari. Inaendelea kuchemsha, mvuke unapita kwenye kondensa kavu kama moshi kwenye dohani, kisha unamwagika mezani.

Muda wa kuokoa ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Hita ya bakuli (kitambaa chenye waya wa joto kinachokumbatia flaski) ya flaski ya mililita 500 ina wati 250 hivi. Ethanoli inataka takriban jouli 840 ili gramu moja igeuke mvuke, kwa hiyo wati 250 zinatoa gramu 18 za mvuke kila dakika, sawa na mililita 23. Ukiwa na mililita 250 ndani, dakika kumi na moja flaski ni kavu. Etha ni mbaya zaidi: jouli 360 tu kwa gramu, maana yake gramu 40 na ushee kila dakika. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa mara mbili na nusu, unatambaa juu ya meza na kushuka sakafuni, na unaweza kujiwasha ukigusa kitu chenye joto lisilofika hata nyuzi 200. Hauhitaji cheche wala kiberiti.

Kifaa ninachopendekeza kinafanya hivi: sensa ya mtiririko inahesabu maji YANAYOTOKA kwenye kondensa. Yakipungua kwa sekunde tano mfululizo, rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inaachia, hita inakosa umeme, baza inalia. Maji yakirudi, hita haiwaki yenyewe. Lazima mtu aje, atazame mtambo, ndipo abonyeze kitufe.

Vitu vya kununua: sensa ya YF-S401, Arduino Nano moja (kompyuta ndogo ya kuprogramu), rilei tupu ya volti 5 yenye kontakti za ampea 10, mosfeti IRLZ44N (swichi ya kielektroniki), dayodi mbili za 1N4148 na moja ya 1N4007, kapasita za mikrofaradi 1 na 10, rezista za kiloomu 4.7 na 100, chaja ya volti 5, baza, kitufe cha kuwashia na cha kuzimia, fyuzi ya ampea 3 na boksi la plastiki lisiloingia maji.

Msikubali kuuziwa YF-S201. Ndiyo iliyojaa madukani, lakini ni ya bomba la nusu inchi, lita 1 mpaka 30 kwa dakika. Kondensa inakula lita 0.5 mpaka 1, na hapo gurudumu la S201 linazunguka kwa kusitasita au halizunguki kabisa. S401 inaanza kusoma lita 0.3 na inatoa mapigo ya umeme 98 kwa sekunde kwa kila lita moja kwa dakika. Mimi napendekeza lita 0.8, yaani mapigo 78 kwa sekunde.

Na hakuna haja ya kufungua koki mpaka mwisho. Kwa wati 250, hata lita 0.5 kwa dakika inatoka kwenye kondensa ikiwa imeongezeka joto nyuzi 7 tu.

#2 KokiNusuInchi

Shukrani kwa uzi mkuu. Swali: kwa nini isiwe swichi ya presha, zile za mashine ya kufulia? Pale Kariakoo zipo tele, hazitaki programu wala Arduino. Unaifunga kwenye bomba linaloingia, presha ikishuka inakata. Naona ndiyo njia nyepesi.

#3 Fundi_Kondensa

Swali zuri mkuu, na ndipo wengi wanapoingia mkenge.

Presha inakuambia bomba limejaa. Haikuambii maji yanatembea. Chukua mpira uliokunjika nyuma ya stendi: upande wa bomba presha inapanda, swichi inaridhika kabisa, na ndani ya kondensa maji yamesimama yanachemka. Kutu ikiziba nipo ya kondensa (ncha ya kioo inayovalishwa mpira) ni vivyo hivyo.

Hata sensa ya mtiririko ukiifunga upande wa kuingilia bado unajidanganya. Mpira ukichomoka kwenye kondensa, maji yanamwagika sakafuni kwa kasi kubwa kuliko mwanzo, na sensa inahesabu mapigo mengi zaidi na kusema mambo safi. Iweke upande wa kutokea. Hapo, iwe maji yamekatika, mpira umechomoka, umekunjika au umepasuka kabla ya sensa, jibu ni moja: maji hayafiki, hita inazima.

Namna ya kuifunga nayo ina masharti. Sensa isimame wima, maji yaingie kwa chini na kutokea juu, kisha mpira upande juu kidogo kabla ya kushuka sinkini. Ukiilaza kwenye mpira unaoning'inia kuelekea sinki, maji yanapita yakishuka huku nusu ya chumba cha sensa ina hewa, gurudumu linakwama kila baada ya muda na hita inazimwa bila sababu. Mtu akizimiwa hita mara tatu bila sababu, ya nne atachomeka hita moja kwa moja ukutani, na kifaa chote kitakuwa kazi bure.

Kuna ajali moja ambayo sensa hii haiioni: mpira wa kutokea kuruka nje ya sinki. Maji yanatembea vizuri, ila yanaishia sakafuni. Ufungeni kwenye koki kwa waya au zip tai.

#4 Rilei_24V

Naomba kuongezea upande wa umeme, maana hapo ndipo kifaa cha usalama kinapogeuka pambo.

Koili ya rilei (waya uliozungushwa unaovuta kontakti) iwe na umeme wakati hita INAWAKA. Umeme ukikatika, waya wa sensa ukikatika, chaja ikifa, Nano ikiungua, koili inaachia na hita inazima. Ukiunganisha kinyume, yaani rilei ishike ndipo izime, basi siku chaja ikifa ndiyo siku huna ulinzi na hujui.

Msitumie zile modyuli za bluu zilizo tayari. Nyingi zinashika rilei pini (mguu wa Nano unaotoa amri) ikiwa chini, yaani volti 0, kwa hiyo hitilafu ya kuvuta pini kwenye graundi inawasha hita. Nunua rilei tupu uiendeshe kwa mosfeti.

Sasa, Nano inaweza kuganda. Ikiganda huku pini iko juu, rilei inabaki imeshika milele. Dawa yake ni kutokuendesha mosfeti kwa pini moja kwa moja. Programu ipigishe pini juu-chini, kama mara 1,000 kwa sekunde, na upigaji huo ufanywe ndani ya mzunguko uleule unaohesabu maji, si kwa taima ya pembeni. Kutoka kwenye pini pitisha kapasita ya mikrofaradi 1. Upande wake wa pili unaunganisha dayodi mbili za 1N4148: moja inatoka graundi kuja kwenye kapasita, nyingine inatoka kwenye kapasita kwenda geti ya mosfeti (mguu unaoiamuru ifunguke). Kutoka geti kwenda graundi weka mikrofaradi 10 sambamba na kiloomu 100. Pini ikicheza, geti inajazwa hadi karibu volti 3.8 na IRLZ44N inafunguka vizuri. Pini ikiganda, iwe juu au chini, kapasita haipitishi kitu, kiloomu 100 inamwaga chaji, na baada ya kama sekunde moja rilei inaachia. 1N4007 inakaa juu ya koili, mstari wake ukitazama chanya.

Rilei za kielektroniki zisizo na kontakti, SSR, msizitegemee peke yake kwenye kifaa hiki. Zikifa mara nyingi zinakufa zikiwa zimeunga, yaani hita inabaki imewaka. Rilei ya kawaida nayo inaweza kushikana kontakti, kwa hiyo anayetaka utulivu zaidi aweke mbili kwa mfululizo, kila moja na mosfeti yake.

Rilei ikate waya wa laini, ule wa kahawia, isikate wa bluu. Ukikata nyutro hita inapoa lakini ndani bado kuna laini, na kitambaa cha hita ya bakuli kikichanika mtu anashika umeme akidhani kumezimwa. Waya wa ethi upite bila kukatwa popote. Na boksi likae NJE ya kabati la kufyonzea mvuke, juu kuliko sinki, nyaya zikining'inia chini kidogo kabla ya kuingia boksini ili matone yadondoke yasifuate waya. Kontakti za rilei zinatoa cheche kila zinapofunguka.

#5 Jua_Kali_254

Hamjambo nyote. Nipo Nairobi, na sensa hizo hupatikana Luthuli Avenue. Lakini kwa shule ambayo haina mtu wa kuandika programu, kuna njia ya kikopo na mizani. Ni ya zamani na haina elektroniki hata moja.

Maji yanayotoka kwenye kondensa yanaingia kwenye kikopo kilichotobolewa chini. Yakija kwa kasi kuliko yanavyovuja, kikopo kinajaa na kuwa kizito. Uzito wake unabonyeza swichi ndogo ya mkono. Maji yakikatika kikopo kinajimwaga, kinapanda, swichi inaachia.

Vipimo: kipande cha bomba la PVC la inchi moja na nusu, kipenyo cha ndani kama milimita 40, urefu sentimita 12, kimezibwa chini. Toboa chini tundu moja la milimita 3. Kwa ubavu, sentimita 8 kutoka chini, toboa tundu kubwa la milimita 12 ili maji ya ziada yamwagikie hapo. Maji yakisimama sentimita 8, tundu la chini linapitisha takriban lita 0.32 kwa dakika, na ndani kuna gramu 100 za maji. Kitundike kwenye ncha ya fimbo ya alumini ya sentimita 20 yenye egemeo katikati. Ncha ya pili tundika nati za chuma mpaka fimbo ilale sawa kikopo kikiwa na maji gramu 50. Kikopo kikizidi hapo kinashuka na kubonyeza swichi.

Maji yakikatika ghafla, kikopo kinafika nusu baada ya sekunde 11 hivi. Yakipungua polepole, kinaachia chini ya lita 0.23 kwa dakika. Kwa wati 250 hayo bado yanapoza, maana yanapanda nyuzi 16 tu, kwa hivyo kinaachia kabla mambo hayajaharibika.

Ukitumia chupa pana ya soda ya nusu lita badala ya bomba jembamba, muda huo unafika nusu dakika. Wembamba ndio unaokipa kasi.

#6 Rilei_24V

Naikubali njia ya kikopo kwa sharti moja kubwa. Tundu la chini likizibwa na mwani au chumvi ya maji, kikopo kinabaki kimejaa hata maji yakikatika, na hita inaendelea. Hii ni hitilafu ya upande wa hatari, tofauti na gurudumu la sensa ambalo likikwama linazima hita. Kwa hiyo pitisheni waya kwenye tundu kila asubuhi kabla ya kuwasha, na kikopo kisiwe cha plastiki ang'avu kwenye dirisha lenye jua, mwani utaota ndani ya wiki.

Pia swichi iliyo juu ya sinki isibebe volti 230. Weka trafo ya volti 24, swichi iendeshe rilei ya volti 24 ndani ya boksi. Mpangilio ni huu: volti 24 inapita kitufe cha kuzima (kinachopitisha umeme mpaka kibonyezwe), inafika kwenye kitufe cha kuwasha kilichounganishwa sambamba na kontakti ya rilei yenyewe, inapita swichi ya kikopo, ndipo inafika koili. Ukibonyeza kuwasha huku hakuna maji, hakitokei kitu. Kikopo kikiachia, rilei inaachia na kontakti yake inafunguka, na maji yakirudi haishiki tena mpaka ubonyeze. Umeme ukikatika na jenereta ikapokea baada ya sekunde kumi, ni hivyo hivyo.

Kitufe cha kuwasha kiwe kile cha ndani, kilichozama, mtu asiweze kukibana na tepu. Kikibanwa, maji yakirudi hita inawaka yenyewe.

#7 MwalimuWaMaabara

Asanteni sana. Mimi nilikuwa nafikiria pia valvu ya umeme kwenye bomba linaloingia, ili mpira ukichomoka usiku maji yafungwe, sakafu isifurike. Je, ifungwe pamoja na hita? Yaani hatari yoyote ikionekana, hita na maji vyote vinakatwa kwa pamoja.

#8 Fundi_Kondensa

Hapana, Mwalimu. Tafadhali usivifunge pamoja.

Hita ikikatwa umeme haipoi hapo hapo. Bakuli la nyuzi za kioo limejaa joto, na flaski inaendelea kuchemka kwa dakika kadhaa. Hizo dakika ndizo unazohitaji maji kuliko wakati wowote. Ukiweka valvu inayofunga inapokosa umeme, basi kila umeme unapokatika mtaani unajikatia maji mwenyewe huku flaski inachemka, wakati bomba lina maji tele. Umetengeneza ajali ambayo haikuwepo.

Agizo liwe hili. Mtiririko ukipotea: kata hita, piga baza, maji usiyaguse. Maji yakionekana sakafuni: kata hita papo hapo, subiri dakika 15, ndipo ufunge maji. Kwa lita 0.8 kwa dakika, dakika 15 ni lita 12, unakausha kwa dekio. Usipofunga kabisa, saa 12 za usiku ni lita 576, na hizo zinashuka ghorofa ya chini.

Kwa hiyo valvu iwe ya kubaki wazi ikikosa umeme, na ifungwe kwa amri tu. Ya mota yenye goroli ndani ndiyo nzuri. Zile za plastiki za volti 12 zinazofanana na za mashine ya kufulia zinabaki zimefungwa zikikosa umeme, na pia zinataka presha isiyopungua baa 0.2 ili zifanye kazi. Simtanki iliyo mita mbili juu ya koki inatoa baa 0.2 kamili kabla ya kutoa hasara ya bomba, kwa hiyo zinafunguka nusu nusu.

Sensa ya sakafu ni vipande viwili vya bati lisiloshika kutu, umbali wa milimita 5, kwenye pembe ya chini kabisa ya sakafu. Visipewe umeme muda wote, vitalika. Nano ivipe umeme kwa milisekunde chache kila sekunde, isome, izime.

#9 Rilei_24V

Kuna hitilafu moja ya sensa ambayo sijaiona ikitajwa, na ndiyo inayonitia hofu kuliko zote.

Regyuleta ya hita ya bakuli inakata wimbi la umeme kwa trayaki (swichi ya kielektroniki), kama dima ya taa, na inatapika kelele za umeme. Waya wa njano wa sensa, unaobeba mapigo, ukipita sambamba na waya wa hita kwa mita moja, Nano inaanza kuhesabu mapigo ambayo hayapo. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde. Sasa gawanya: mapigo 50 kwa sekunde kwa S401 ni lita 0.51 kwa dakika. Mapigo 100 ni lita 1.02. Yaani kelele za umeme zinafanana KABISA na mtiririko wa kawaida wa kondensa! Bomba kavu, skrini inaonyesha nusu lita, hita inaunguruma.

Tibu hivi. Waya wa sensa uwe wenye shildi (ganda la nyuzi za chuma), kama wa maikrofoni, na shildi iungwe graundi upande wa boksi peke yake. Rezista ya kiloomu 4.7 kutoka waya wa njano kwenda volti 5, na nanofaradi 100 kutoka waya wa njano kwenda graundi, vyote karibu na pini ya Nano. Pitisha waya wa sensa mbali na wa hita. Vikilazimika kukutana, vivukane kama msalaba.

Kisha weka dirisha badala ya kiwango cha chini pekee. Ukiendesha kwa mapigo 78, kubali kati ya 55 na 95. Chini ya 55 kwa sekunde tano, zima. Juu ya 95 kwa sekunde tano, zima pia. Hapo 50 iko nje na 100 iko nje. Sekunde tano ni kwa ajili ya povu la hewa linalopita, msizishushe kuwa moja.

Baada ya kuunga, funga koki kabisa, weka maji matupu kwenye flaski, washa hita moja kwa moja ukutani kwa regyuleta ya nusu, halafu soma mapigo. Lazima iwe sifuri. Ikisoma hata 3, usiendelee mpaka upate chanzo. Wakati mwingine ni gurudumu limesimama sumaku ikiwa ukingoni mwa sensa na mtikisiko wa meza unalichezesha, lakini mara nyingi ni waya.

#10 KokiNusuInchi

Hapo kwenye dirisha la juu nina la kusema kama mtu wa mabomba. Presha ya bomba la mtaani inapanda usiku watu wanapolala. Koki uliyoiweka lita 0.8 saa kumi jioni inaweza kutoa lita 1.2 saa nane usiku. Ndiyo maana mipira inachomoka usiku. Dirisha litazima hita, sawa, lakini dawa ni kutuliza presha: ama regyuleta ya presha uiweke baa 0.5, ama ulishe kondensa kutoka simtanki badala ya bomba la mtaani. Simtanki haijui usiku wala mchana, mita tatu za kimo ni baa 0.3 muda wote.

Kila kiungo kiwe na klipu ya skrubu au zip tai mbili zilizovutwa kwa koleo. Nipo za kioo lainisha kwa maji, si kwa mafuta, mafuta yanafanya mpira uteleze baadaye. Mpira wa upande wa kutokea unapitisha maji yaliyopata joto kidogo, unalainika haraka kuliko wa kuingilia, kata ncha sentimita 2 kila mwezi ukaze upya. Chujio la wavu kabla ya kondensa ni lazima, maana maji yanaporudi baada ya mgao yanakuja na kutu na mchanga, na gurudumu la S401 linakwamishwa na punje moja.

#11 MwalimuWaMaabara

Na ambaye maji ya bomba hayapatikani siku tatu kwa wiki? Pia tuna kile kifaa cha umeme cha kukeneka maji, cha lita 4 kwa saa. Kinaweza kutumia boksi hilohilo?

#12 Fundi_Kondensa

La kwanza: zungusha maji. Pipa la lita 100 na pampu ya kuzamisha, zile za bwawa la samaki. Lita 0.8 kwa dakika kwa saa 8 ni lita 384 zinazokwenda sinkini bure. Kwenye pipa, wati 250 zinapandisha joto la lita 100 kwa nyuzi 2 na kidogo kila saa, kwa hiyo saa 8 ni nyuzi 17. Kwa ethanoli inayochemka nyuzi 78 hakuna shida. Kwa etha inayochemka nyuzi 34.6, maji ya Dar yaliyoanza na nyuzi 28 yatashindwa ndani ya saa chache, weka barafu. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka inameza joto la wati 250 la dakika 22. Sensa inabaki palepale kwenye kutokea. Ila ongeza kipima joto ndani ya pipa, maana mtiririko unaweza kuwa mzuri na maji yakawa moto.

La pili: boksi tulilolieleza hapo juu HALIFAI. Kifaa hicho cha kukeneka kina wati 3,000, yaani ampea 13. Rilei ya ampea 10 itashikana kontakti. Rilei ndogo iendeshe kontakta (rilei kubwa ya mkondo mzito) ya ampea 25, na fyuzi iwe ya 16 kwenye laini yake yenyewe, si plagi ya ampea 13. Kwenye mtambo huo hatari si moto wa kiyeyushi, ni elementi kubaki uchi: maji ya kupoozea ndiyo yanayolisha pia tangi la kuchemshia, yakikatika elementi inatoka juu ya maji na kupasuka. Kanuni ya sensa ni ileile, weka kwenye bomba la kumwagia.

#13 Rilei_24V

Majaribio, kila Jumatatu kabla ya kazi, kwa maji matupu kwenye flaski. Kunja mpira wa kuingilia kwa vidole. Chomoa mpira wa kutokea kabla ya sensa. Chomoa plagi ya sensa. Zima umeme ukutani, hesabu kumi, washa. Mara zote nne hita izime na IBAKI imezimwa maji au umeme ukirudi. La tano ni kufunga koki nusu tu, kwa sababu maji mara nyingi hayakatiki ghafla, yanapungua taratibu kwa nusu saa, na kifaa kilichojaribiwa kwa kukata ghafla tu hakijajaribiwa.

Andika tarehe na sekunde zilizopita kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye boksi. Sekunde zikianza kuongezeka wiki hadi wiki, gurudumu au tundu lina uchafu.

#14 MwalimuWaMaabara

Swali la mwisho. Kifaa kimezima, nimefika, maji yamerudi. Nabonyeza tu kitufe naendelea?

#15 Fundi_Kondensa

Hapana Mwalimu, subiri kwanza. Kama maji yamerudi ukiwepo, funga koki ifungue polepole. Kondensa iliyopitisha mvuke wa moto ikipigwa na maji baridi ghafla inaweza kupasuka kwenye kiungo cha ndani. Shusha hita kutoka kwenye flaski, ndiyo maana ni vizuri ikae juu ya jeki na si mezani. Acha ipoe mpaka ushike flaski kwa mkono. Angalia kimebaki kiasi gani. Kama ni etha na imepungua sana, usiipashe tena, maana peroksidi (kemikali zinazoweza kulipuka) zinabaki chini na kukolea.

Kisha weka vijiwe vipya vya kuchemshia. Vile vya mwanzo vimeshanyonya kimiminika kwenye vitundu vyao mchemko uliposimama, havitoi tena mapovu, na flaski itakaa kimya juu ya kiwango chake cha kuchemka halafu iruke yote kwa mara moja mpaka kwenye kondensa. Vijiwe viingie flaski ikiwa baridi. Ukivitia kwenye kimiminika cha moto, kinaruka usoni.